Moshi Uliofika Namba Moja

Osée Kambale alikuwa mfanyabiashara mwenye akili timamu hadi siku aliponunua kile kijiti cha miguu mitatu cha kusimamishia simu. Mimi nauza vitenge mkabala na duka lake katika soko la Tshopo, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yaliyobaki nilisimuliwa na mkewe Simone, ambaye hana desturi ya kutia chumvi anapomsema mumewe, kwa sababu hahitaji.

Alikuja Kisangani kutoka Butembo akiwa kijana, kama Wanande wengi wenye maduka hapa. Alianza na betri na tochi, akaongeza kamba za nailoni, ndoo, mabeseni, mwishowe paneli ndogo za jua. Jumapili alikuwa misa ya kwanza, benchi la pili. Mteja akirudisha tochi mbovu, alibadilishiwa bila maneno. Sijui wengine, lakini mimi mtu mwema kiasi hicho huwa namwonea huruma mapema.

Umeme wa bwawa ulikuwa unakatika wiki nzima, watu wakakimbilia paneli, na soko likajaa paneli bandia zisizoweza kuwasha hata redio. Osée akaona ni wajibu wake kuelimisha taifa. Alivaa shati lake la kanisani, akasimamisha simu kwenye kijiti, akaeleza kwa dakika nane namna ya kutambua paneli ya uongo: geuza, tazama nyaya, pima uzito, soma karatasi ya nyuma. Kila neno lilikuwa kweli. Akaiweka video hiyo mtandaoni, akangoja.

Baada ya mwezi, watazamaji walikuwa kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa yeye mwenyewe. Mbaya zaidi, ukiandika "paneli Kisangani" kwenye mtambo wa kutafuta, wa kwanza kutokea alikuwa jamaa mmoja mwenye miwani myeusi akicheza dansi mbele ya paneli ambayo haikuunganishwa na kitu chochote. Osée alimtazama jamaa yule mara nyingi, kwa uchungu, na kila alipomtazama akazidi kumpandisha, jambo ambalo wakati huo hakulijua.

Alikuwa anaamini kwamba mahali fulani kuna ofisi, na ndani ya ofisi hiyo kuna mkaguzi kama wale wa shule, anayezitazama video zote na kuzipanga kwa ubora wake. Alifikiria hata kumwandikia barua ya heshima.

Aliyemfungua macho ni Élise. Huyu alikuwa na meza ya kutengeneza simu ubavuni mwa duka la Osée. Alisoma informatique, elimu ya kompyuta, chuoni miaka mitatu, akaacha, na alizungumza kidogo kwa kuwa kinywani alikuwa amebana skrubu. Alimweleza kwamba hakuna mkaguzi. Kuna mashine. Mashine haijui kilichomo ndani ya video yako kama unavyokijua wewe. Inaanza kwa kusoma maneno, ya kichwa na ya maelezo ya chini, inayalinganisha na yale ambayo watu wanayaandika wanapotafuta. Kisha inaiweka video mbele ya watu wachache na kuwachungulia. Wamebonyeza au wamepita? Wametoka baada ya sekunde kumi au wamekaa hadi mwisho? Wameandika neno chini? Wamemtumia mwingine? Wanaokaa wanaipandisha, wanaotoka wanaizamisha. Na jambo likiwa la moto, mashine inapenda video mpya kuliko ya zamani.

Osée alisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya daktari. Akauliza ukweli unahesabiwa wapi. Élise alitoa skrubu kinywani, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani.

"Papa Osée," alisema, "ukweli haina bouton ya kubonyeza."

Mtu mwingine angerudi kuuza ndoo. Osée akaanza kampeni. Kwanza aliandika chini ya video yake majina ya komine zote, yaani wilaya za mji, kisha Yangambi, Bangboka, timu ya mpira, na kwa sababu alisikia watu wanalitafuta sana, akaongeza neno "ndoa". Wakaja kweli watu waliotaka mchumba, wakakuta mwanamume wa makamo ameshika waya, wakaondoka baada ya sekunde nne. Video ikazama zaidi. Halafu alizishusha simu tisa kutoka rafu ya dukani, akazipanga kwenye kaunta, zote zikicheza video ile ile kuanzia asubuhi hadi jioni. Watazamaji tulikuwa mimi na nzi. Mega zake za intaneti zikaisha, na Élise akamweleza kwamba mashine inaona simu zote ziko sehemu moja, inamhesabu kama mwendawazimu mmoja. Mwishowe aliwaomba wanakwaya wa kanisani kwake waandike maoni. Waliandika wote, kwa utii, kila mmoja neno moja: Amina.

Hapo ndipo vita vilipotufikia masikioni. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi Januari, Bukavu Februari, na Machi tukasikia Walikale. Kutoka Walikale kuna barabara ya Lubutu, na kutoka Lubutu kuna sisi. Watu wakaanza kuhesabu kilomita. Wale waliokuwapo mwaka wa elfu mbili, siku zile sita ambazo majeshi mawili ya kigeni yalirushiana mabomu juu ya mapaa yetu, hawakuhesabu chochote. Walianza kukunja nguo. Mji mzima, na kila Mboyoma, mzaliwa wa Kisangani, aliyeko Kinshasa au Ulaya, ulikuwa unaandika kwenye simu maneno mawili: Kisangani vita. Mashine ilikuwa na njaa ya jibu, na hakuna aliyekuwa nalo.

Asubuhi moja Osée alipeleka kamba kwenye maporomoko, kwa Wagenya, wale wavuvi wanaofunga miti mikubwa juu ya mawe na kutundika mitego majini. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama Émilie, mjane anayekausha samaki pale miaka yote, alikuwa anapambana na kuni mbichi, na moshi ulikuwa umepanda mweusi na mnene kuliko mnara wa kanisa. Nyuma yake wanaume walikuwa wanaangusha mti mpya juu ya jabali. Ulipoanguka ulilia kama mzinga. Osée alitoa simu, akarekodi sekunde arobaini. Aliapa baadaye mbele ya Simone kwamba wakati ule alitaka ukumbusho tu.

Ukumbusho huo aliupeleka dukani, akaurudiarudia hadi ukafika dakika kumi, akaweka sauti yake juu: "Endelea kutazama, usitoke, mwishoni utaona." Mwishoni hakukuwa na kitu cha kuona. Akaandika kichwa kwa herufi kubwa: VITA IMEFIKA KISANGANI? TAZAMA MOSHI HUU HADI MWISHO. Ile alama ya kuuliza aliiweka kama mtu anavyochukua wakili. Élise alipoiona, alimuuliza kama ana hakika. Osée alijibu kwamba yeye ameuliza tu, na kuuliza si kosa.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, ilikuwa namba moja. Juu ya redio za nje, juu ya serikali, juu ya jamaa wa miwani. Osée alivuka njia kuja kunionyesha. Uso wake ulikuwa wa bwana harusi. Hakuwa mtu mbaya hata wakati ule; alikuwa mtu aliyesema kweli miezi sita bila kusikilizwa, na sasa watu elfu themanini walikuwa wamekaa wakimsikiliza hadi dakika ya kumi.

Simu zilianza kulia saa saba. Sisi tulioko Kisangani tulipata habari za vita vyetu kutoka Brussels. Shangazi wa mmoja, shemeji wa mwingine, wote wakilia, wote wakituuliza kwa nini bado tuko sokoni wakati mji unaungua. Ukitazama nje, hakuna kitu. Ukitazama simu, moshi. Wauza muhogo walikuwa wa kwanza kufunga mizigo, kisha wauza samaki, kisha ikawa mbio. Nami nisijifiche: niliyekuwa nimemwona mwenye video kwa macho yangu, amekaa salama mbele yangu, nilifunga vitenge vyangu nikakimbia.

Osée alitoka nje ya duka, akainua mikono, akawaambia watu ni moshi wa samaki. Walimjibu wakiwa mbioni kwamba kuna video. Akasema video ni yake.

"Basi weye unajua kuliko sisi," mwanamke mmoja alimwambia, akampa mtoto amshikie wakati anakaza mzigo, akamchukua tena akaenda zake.

Kwenye gati la kuvukia mto watu walikanyagana. Mzee mmoja muuza chumvi alivunjika mguu. Meli iliyokuwa inapanda kutoka Yangambi iligeuza njiani, na ndani yake alikuwa Maman Julienne, mama mzazi wa Simone, ambaye alilala siku tatu katika kijiji asichokijua, juu ya gunia la mtu mwingine.

Na Mama Émilie naye alikimbia. Dada yake alimpigia kutoka Kinshasa, akamwambia vita viko kwenye maporomoko, moshi unaonekana dunia nzima. Mama Émilie aliinua kichwa, akaona moshi kweli, mbele ya pua yake. Akaingia katika pirogi, mtumbwi wa gogo, na jamaa zake wote, wakavuka, wakaacha samaki wa siku mbili juu ya moto. Hakuna aliyebaki kuwageuza. Wakaungua hadi wakawa makaa, na moshi ukazidi, na waliokuwa ng'ambo wakasema wamefanya vizuri kuondoka.

Huko ng'ambo mtu alimwonyesha video. Aliitazama mara moja. Mara ya pili akamwomba aisimamishe. Pembeni ya moshi kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kulikuwa na kitambaa chake cha kichwa, cha manjano, alichokianika asubuhi ile.

Siku ya tatu mji ulirudi, kila mtu akijifanya alikuwa safarini. Mama Émilie alikuja sokoni kwa miguu, na kitambaa kichwani na beseni mkononi. Hakupiga kelele. Alimwaga samaki walioungua juu ya kaunta ya Osée, wakagonga kama mawe.

"Papa Osée," alisema, "hii kitambaa unaijua. Iko mu video yako. Na hii ndiyo vita yenyewe, nimekuletea. Uihesabu."

Osée akataja ile alama ya kuuliza. Mama Émilie alimwambia hajui kusoma sana, lakini samaki wake nao hawakusoma. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mlangoni, na hakuondoka. Simone alimletea maji. Kwa mumewe hakuleta kitu.

Nilimwona Osée akiwaokota samaki wale mmoja mmoja, na mikono ikawa myeusi. Nadhani ndipo alipoelewa, maana aliitoa video palepale, mbele ya yule mama. Alidhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Watu walikuwa wameshainakili. Ilipoondoka yake, zilisimama nyingine nne, moja ikiwa na muziki wa kuomboleza, na ile iliyopanda juu kabisa ilikuwa ya mtu asiyejulikana ambaye alifuta alama ya kuuliza. Watu wa Kisangani waliingia kwa hasira kuandika chini yake "uongo", "mshenzi", "mimi niko hapa hakuna kitu", na kila tusi lilikuwa kama kuni. Mashine haikujali kama wanaandika kwa mapenzi au kwa hasira. Iliona watu wamekaa, wanaandika, wanarudi kuangalia nani kawajibu. Ikaipandisha.

Osée alitengeneza video ya kusahihisha. Aliiita "Ufafanuzi kuhusu moshi", akasoma kutoka karatasini kwa dakika tatu, shati la kanisani tena. Watazamaji ishirini na sita. Ukitaka kuipata ilibidi uijue jina, na aliyeijua jina hakuihitaji.

Wiki hiyo aliitwa na mkuu wa kartie, yaani mtaa wetu, Papa Lukumani. Osée alivaa soksi mbili mbili, akamuaga Simone kama anayekwenda gerezani. Papa Lukumani alimkaripia robo saa nzima, mlango ukiwa wazi ili watu wasikie. Kisha akaufunga mlango, akasogeza kiti, akatoa simu. Alikuwa na video yake mwenyewe, hotuba ya usafi wa mifereji, dakika arobaini na tano, watazamaji saba. Alitaka kujua Osée aliweka nini kwenye ile ya moshi. Osée alirudi dukani amekonda. Alisema angependelea gereza.

Wakati huo huo Mama Émilie alikuwa anakausha hewa. Wanunuzi wake wa nje ya mji, wale waliokuwa wakiagiza samaki kwa simu, hawakuagiza tena. Kwao maporomoko yalikuwa uwanja wa vita, walikuwa wameona. Alirudi kukaa juu ya ndoo kila asubuhi. Osée akaanza kumbebea kuni hadi maporomoko kabla ya kufungua duka, kuni kavu, begani, na soko lilimpa jina ambalo bado analo: Papa Moshi.

Élise ndiye aliyesema kwamba sasa aseme mwenye moshi, Mama Émilie. Alisema watu hawataki ufafanuzi, lakini wanapenda kumwona aliyedhulumiwa akimsema aliyemdhulumu, na kwa jambo hilo watakaa hadi mwisho bila kuombwa. Osée alitaka kuandika kichwa cha kutisha ili kishindane na kile cha uongo. Mama Émilie alikataa. Alimuuliza kama hajachoka.

Walirekodi mlangoni pa duka, mchana, sote tukiwa tumesimama nyuma. Alikaa juu ya ndoo, na beseni la samaki waliogeuka makaa magotini. Alizungumza Kiswahili, akichoka akahamia Lingala, akarudi.

"Moshi iko yangu," alianza. "Mimi ni Émilie wa maporomoko. Nilikimbia moshi yangu miye mwenyewe. Niliona iko mbele yangu, najua kuni niliyotia, lakini telefone ilisema vita, nikasema, bon, telefone iko na akili kunipita. Kama kuko mujinga mu hii habari, tuko wengi, nami niko wa kwanza. Wa pili iko huyu."

Akamnyooshea Osée kidole, na Élise akageuza simu. Osée alisimama pale mbele ya dunia akiwa ameshika shoka la kupasulia kuni za yule mama. Kwa dakika kumi na mbili yule mama alimchambua: shati lake, sauti yake ya "endelea kutazama", alama yake ya kuuliza. Alinyanyua samaki mmoja mmoja akataja jina lake, huyu kapitene, huyu mboto, huyu alikuwa wa mteja wa Isiro. Kila alipomaliza mmoja alimuuliza Osée kama anauliza tena. Hatukuwahi kucheka vile tangu Januari, na Osée mwenyewe, namshukuru kwa hilo, hakuomba ikatwe hata neno moja. Kichwa waliandika maneno yake ya kwanza: MOSHI IKO YANGU.

Ilichukua siku kumi na moja. Siku za kwanza ilikuwa chini kabisa, kisha mashine ikaanza kuiweka kando ya zile za uongo, kwa sababu maneno yalifanana, na aliyetoka kuogopeshwa akabonyeza, na aliyebonyeza hakutoka. Waliitazama, wakawatumia jamaa zao wa Kinshasa na Brussels, wale wale. Siku ya kumi na moja Élise aliandika "Kisangani vita" akageuza simu kutuonyesha. Namba moja alikuwa Mama Émilie na beseni lake. Wateja wa Isiro walirudi, wengine wakiomba samaki "wa yule mama mkali". Mzee muuza chumvi alitolewa plasta. Maman Julienne, ambaye alikuwa amerudi Yangambi kungoja meli nyingine, alifika hatimaye, na kwa wiki mbili alimwita mkwewe "Monsieur", jambo ambalo katika familia hiyo ni zito.

Ningependa kusema Osée alipona. Aliuza kile kijiti cha miguu mitatu, akarudi kwenye ndoo zake, na mtu yeyote aliyekuja na habari za mtandaoni alipewa somo la nusu saa: kichwa hakina thamani, kuwa juu si kuwa kweli, mashine haijui, mashine inachungulia tu. Alieleza vizuri kuliko Élise.

Mwezi Juni, siku ya Jumanne, ndege ilinguruma kuelekea Bangboka, uwanja wetu wa ndege, kwa sauti ambayo haikuwa ya kawaida. Wengine tuliinua kichwa, tukarudi kwenye kazi. Muuza muhogo alisema labda Papa Moshi anapika. Lakini Osée alikuwa ameshatoa simu, na nilimwona rangi ikimtoka. Alianza kushusha ndoo za mlangoni na kuzirusha ndani.

Simone alikuwa kwenye kiti chake anachambua maharage. Alimuuliza kuna nini.

"Bangboka imechukuliwa," alisema. "Kuko video."

"Ya nani?"

"Sijui ya nani. Lakini iko ya kwanza, Simone. Iko juu ya zote."

Simone alimtazama, akaendelea kuchambua. Osée alifunga godoro nyuma ya toleka, baiskeli ya kukodi, akamwelekeza mwenye baiskeli njia ya Yangambi, akapanda juu ya mizigo yake. Hapo ndipo mkewe alipoinuka na kumfuata hatua chache, na mkononi alikuwa na madumu mawili ya njano.

"Kwa kuwa unaenda," alimwambia, akimfungia madumu kwenye godoro, "ulete mafuta ya mawese. Ya huko iko mazuri."